Gari la Fundi na Abiria wa Saa Nne

Mlioandika barua kwa mhariri mkisema yule mzee mwenye kofia pana ni mpelelezi, poleni. Na yule mama aliyeapa kwamba ni mchumba anayekuja kwa siri, pole zaidi. Tulikomea pale Binti Fundi alipokuwa amekwisha kulitoa gari hotelini saa nne kamili asubuhi, abiria wawili nyuma, akatupa jicho kwenye kioo na kumwona mzee anavua kofia, anavua miwani ya jua, kisha anafungua shali aliyojizungushia mpaka kidevuni.

Alikuwa baba yake mdogo.

Usukani nusura umtoke mikononi.

"Endesha," baba mdogo alisema. "Macho mbele. Au marehemu hakukufundisha hata hilo?"

"Hotelini waliniambia abiria ni mtalii na mkewe."

"Ndiyo, mimi ni mtalii. Nimekuja kutalii gari langu. Na wewe umekosa hata shikamoo?"

Binti Fundi alimeza mate machungu kama shubiri. "Shikamoo, baba mdogo."

"Sitaki."

Wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea usimuliwe, wenzako watavumilia. Fundi, baba yake Binti Fundi, alifariki miezi mitatu iliyopita. Aliacha gari moja la enzi za mababu, jeusi, taa zake za shaba, lisilo na stata. Ukitaka kuliwasha unachomeka hendeli mbele, chini ya rejeta, unazungusha kwa mkono. Miaka thelathini gari hilo lilitembeza wageni ndani ya kuta za mji wa kale, nalo ndilo gari pekee lililoruhusiwa kupita humo. Kibali kilikuwa na jina la Fundi. Fundi akafa, kibali kikabaki kinaning'inia hewani.

Binti Fundi alifanya kazi ubavuni mwa baba yake miaka kumi na miwili. Hakuwa na kazi nyingine, hakutaka nyingine. Baba mdogo, yeye, alikuwa na malori yake na tumbo lake. Lakini kaburi halijakauka akaibuka na karatasi. Na gari lisilo na kibali, msomaji, ni pambo la uani, la kuku kutagia.

"Na huyu uliyekuja naye ni nani?" Binti Fundi aliuliza.

Mwanamke aliyekaa kimya muda wote alifungua faili mapajani mwake. Alikuwa mtu mzima, umri wa miaka hamsini hivi, gauni la kijivu, nywele zimebanwa nyuma.

"Mimi ni afisa wa vibali," alisema. "Sheria yetu ni fupi. Kibali cha gari la kale anakirithi yule aliyefunzwa kazi na mwenye kibali, kwenye gari hilohilo. Wewe unasema ni wewe. Mzee anasema ni yeye, na ana karatasi yenye sahihi ya marehemu. Leo mtanizungusha mji mzima kama mnavyowazungusha wageni. Jioni naandika jina moja."

"Na nikikataa?"

"Naandika sasa hivi."

Baba mdogo alicheka mpaka kiti kikalia. Binti Fundi alikanyaga klachi, akaingiza gia ya pili, na kimoyomoyo akamtukana baba yake mdogo tusi ambalo mhariri amelifuta.

*

Kituo cha kwanza kilikuwa Lango la Kusini. Mbao zake nene zina matundu zaidi ya mia. Binti Fundi alisimamisha gari, akaacha injini inanguruma taratibu, akageuka na kuanza maneno aliyoyasema mara elfu.

"Matundu mnayoyaona hapa ni ya risasi. Mji huu ulizingirwa siku tisa, na siku ya kumi..."

"Uongo!" baba mdogo alidakia. "Afisa, andika. Ni misumari ile. Palikuwa na mabango ya matangazo hapo, yakaja kung'olewa. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo nilitoboa moja."

"Baba alisema ni risasi."

"Kaka alikuwa akiwapiga watalii fiksi. Alinichekea mwenyewe. Umekaa naye miaka kumi na miwili hukujua hata lipi porojo na lipi kweli?"

Binti Fundi aliona uso unamwaka moto. Kwa sababu alijua. Alijua siku nyingi kwamba ni misumari, na aliendelea kusema risasi kwa kuwa wageni walipenda kuingiza vidole mle wakitetemeka.

"Ni risasi au ni misumari?" afisa aliuliza.

"Ni misumari," alisema.

Kalamu ya afisa ilikwaruza karatasi. Baba mdogo akajinyoosha kama paka aliyekunywa maziwa ya jirani.

Kituo cha pili, mnara wa saa, mambo yakawa mabaya zaidi. Baba mdogo aliipepea ile karatasi yake juu, wapita njia wakasimama kutazama. Akaisoma kwa sauti ya mnadani: "'Mimi, mwenye kibali, nathibitisha kwamba gari hili nimeliendesha na kulitunza pamoja na mdogo wangu kwa miaka thelathini, na yeye ndiye ninayemwachia kazi.' Sahihi hiyo hapo. Si sahihi ya baba yako hiyo?"

Ilikuwa sahihi ya baba yake. Hilo ndilo lililomuuma. Zile wiki za mwisho hospitalini Fundi alikuwa akitia sahihi kila alichowekewa mbele: fomu ya dawa, fomu ya damu, fomu ya chakula. Baba mdogo ndiye aliyekuwa akishika kalamu na kumsogezea.

"Ulimpa asaini akiwa hajui hata siku ni ya ngapi!"

"Una shahidi?"

"Mungu anaona."

"Basi mlete atoe ushahidi ofisini kwa afisa."

Watu wakacheka. Mji huu mtu akicheka na wewe unacheka, hata kama hujui kisa. Binti Fundi aliteremka, akafungua mlango wa nyuma, mkono mmoja amekunja ngumi, na Mungu pekee ndiye anayejua angefanya nini kama afisa asingeshuka upande wa pili.

"Nakaa mbele," afisa alisema. "Nyuma kelele zimezidi. Twende."

*

Njia ya kwenda jela ya zamani inapanda mlima. Kichochoro ni chembamba, ukuta huku, ukuta kule, unabakiwa na upana wa mlango kila upande. Mawe yake yameng'aa kwa kukanyagwa. Ilikuwa karibu saa sita, jua liko utosini, na baba mdogo hakunyamaza hata dakika.

"Gia ya kwanza, gia ya kwanza! Unaliua gari la watu!"

"Ni gia ya kwanza hii, baba mdogo."

"Basi sikio langu ni bovu?"

"Sikio ni zima. Umezoea malori."

"Mnaona ulimi huo? Kaka alizaa ulimi, akausahau mtoto."

Katikati ya mlima injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Binti Fundi alivuta breki ya mkono, na mkono wake wa kulia ukafanya jambo ambalo miaka kumi na miwili ulikuwa ukilifanya bila kuulizwa: ukakirudisha nyuma kijimkono kidogo cha shaba kilichopo kwenye usukani, kile kinachowahisha au kuchelewesha cheche. Gari likitembea kinakaa mbele. Likizima, kabla hujagusa hendeli, unakirudisha nyuma. Usipokirudisha, injini inapiga kinyume na hendeli inarudi kwa nguvu ya punda aliyechapwa.

Akaruka chini, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akafungua boneti. Alijua ugonjwa. Joto lilikuwa limechemsha petroli ndani ya bomba. Akachota maji kwenye dumu, akalowesha kitambaa, akalizungushia bomba, akasubiri.

"Afisa, unaona?" baba mdogo alipiga kelele. "Katikati ya safari anafua!"

Afisa alibaki kwenye kiti cha mbele, mkono uko juu ya faili.

Zilipita dakika kumi. Kitambaa kilikuwa kimepoa na bomba limepoa. Binti Fundi akachukua hendeli chini ya kiti, akaichomeka mahali pake. Ndipo baba mdogo aliposhuka, akaja kwa hatua za mwenye nyumba, akaishika hendeli juu ya mkono wake.

"Toka."

"Baba mdogo, niachie."

"Toka nimwonyeshe afisa. Nimechoka kukaa nyuma kama mzigo ndani ya gari langu."

"Hujawahi kuliwasha gari hili hata siku moja!"

"Nimeliwasha wewe unanyonya!"

Wakavutana. Mzee ana miaka sitini na mitatu, binti ana thelathini na miwili, kila mmoja amekazana na kipande cha chuma kama watoto wanaogombea mwiko wenye ukoko. Madirisha mawili yakafunguka juu.

"Mwache," sauti ya afisa ilitoka garini. "Anasema amefanya kazi hii miaka thelathini. Nataka kuona."

Binti Fundi akaachia.

Baba mdogo akavua koti, akamtupia binti alishike. Akakunja shati. Alikuwa amemwona kaka yake akiliwasha gari hilo mara mia, lakini alikuwa akimwonea barazani, kikombe cha chai mkononi, na kutoka barazani vidole havionekani. Akainama, akaikamata hendeli kwa mkono wote. Vidole vinne huku, gumba kule, akaifumbata kama anayeshika shoka.

Binti Fundi aliliona lile gumba.

Somo la kwanza la baba yake lilikuwa hilo. Kabla hajaruhusiwa kugusa gari, Fundi alimpa mpini wa ufagio, akamwambia aushike wiki nzima huku gumba limelala upande mmoja na wenzake. Kila alipolizungusha, alipigwa kofi mkononi. "Ukiifumbata," Fundi alisema, "siku ikirudi, gumba linakwenda nayo. Haijalishi umeweka cheche wapi. Usifumbate."

Alifungua kinywa. *Gumba, baba mdogo.* Maneno mawili, matatu.

Akaikumbuka ile karatasi. Akaikumbuka kalamu ikisogezwa kitandani. Akavisikia vile vicheko vya kule mnarani. Akajiambia: kijimkono cha cheche nimekirudisha nyuma, hendeli haitapiga kinyume, hataumia, ataaibika tu.

Akafunga kinywa.

"Tazama, afisa!" baba mdogo alisema, akazungusha kwa nguvu zake zote.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kuhusu hendeli hawakusema kitu, maskini, hazikuwepo. Injini ilipiga mara moja, kinyume. Hendeli ikarudi, ikafanya *ka!* kama kuni kavu, na baba mdogo akatoa ukelele uliofungua madirisha mengine sita.

Alikaa kitako juu ya mawe. Gumba lake lilikuwa limeelekea mahali ambapo gumba halielekei.

"Umeniua!" alilia. "Mtoto wa kaka yangu umeniua!"

"Sijakugusa!"

"Umeitega! Afisa, ameitega!"

Afisa aliteremka taratibu. Alisimama mbele ya mzee, akaiokota ile karatasi iliyodondoka kutoka kwenye koti, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye faili.

"Mtu aliyewasha gari hili hata wiki moja hashiki hivyo," alisema. "Sahihi hii ni ya marehemu, maneno ni yako. Itakwenda polisi."

Msomaji, ungeliona tabasamu la Binti Fundi. Miezi mitatu alikuwa hajatabasamu, meno yalikuwa kama yameshikwa na kutu. Haki imesimama! Kibali kimerudi nyumbani! Alitaka kumkumbatia yule mwanamke palepale kichochoroni.

"Ahsante, afisa. Mungu akulipe..."

"Na wewe ulinyamaza."

Tabasamu likabaki usoni halina pa kwenda.

"Ulikiona kidole chake," afisa aliendelea. "Mimi nilikuwa nakutazama wewe, si yeye. Ulifungua mdomo, ukafunga. Huyu ni mwongo na mwizi, sawa. Lakini ni damu ya baba yako, na wewe ulimwacha avunjike ili ushinde."

"Nilijua hataumia! Nilikuwa nimerudisha..."

Akakimbilia usukani kumwonyesha. Akainama ndani, kidole tayari kimenyooshwa.

Kijimkono cha cheche kilikuwa mbele. Mbele kabisa.

Alikuwa amekirudisha nyuma. Kama anavyojua jina lake, alikuwa amekirudisha. Baba mdogo alishukia mlango wa nyuma, hakufika kwenye usukani. Na tangu gari lizime, kiti cha mbele kilikuwa na mtu mmoja tu.

"Nani amekisogeza hiki?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi. Nilitaka kuona nani anajua kushika."

"Wewe? Wewe unajua hiki ni kitu gani?"

Afisa aliingiza mkono dirishani, akakirudisha kijimkono nyuma bila kukitazama. Akazunguka mbele ya gari, akampita baba mdogo pale chini kama anayepita gunia. Akaligonga boneti kwa vifundo vya vidole, mara mbili.

"Amka, bibi," akasema.

Maneno hayo Binti Fundi hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Yalikuwa ya baba yake, kila asubuhi, yeye na gari lake, wakidhani hakuna anayesikia.

Afisa akainama. Vidole vinne vikashika, na gumba likalala upande mmoja na wenzake. Akavuta juu, nusu mzunguko tu. Injini ikashika.

Baba mdogo aliacha kulia. Akamkodolea macho yule mwanamke, na uso wake uliokuwa mwekundu kwa maumivu ukawa wa majivu.

"Si wewe," alisema. "Haiwezekani. Mlikwenda zenu. Wewe na mama yako mlikwenda zenu, kaka alisema hamtarudi kamwe."

"Ulinijia ofisini mara tatu na karatasi yako, baba mdogo," afisa alisema. "Mara tatu umekaa mbele yangu. Hukunitambua."

*Baba mdogo.* Binti Fundi alisikia kama amemwagiwa maji ya kisimani. Alimgeukia mzee. "Unamjua? Ni nani huyu?"

Mzee akashika mkono wake uliovunjika, akainamisha kichwa. "Mtoto wa kwanza wa baba yako," akasema. "Alimfundisha gari hili akiwa na miaka kumi na sita. Wewe hujazaliwa."

"Baba hakuwa na mtoto mwingine!"

"Alikwambia pia matundu ni ya risasi," afisa alisema.

Akafungua faili lake, akatoa kadi ya gari, ile ya zamani, pembe zake zimelika. Hakumpa aishike. Alimwekea tu mbele ya macho. Namba ya gari ilikuwa ileile. Jina la mmiliki halikuwa la Fundi. Lilikuwa jina la mwanamke, ambalo Binti Fundi hajapata kulisikia likitajwa nyumbani kwao.

"Kibali ni cha aliyefunzwa," afisa alisema, "na wa kwanza kufunzwa ni mimi. Lakini kibali ni kitu kidogo. Gari hili ni la mama yangu. Baba yako alilichukua siku alipotutoa nje na masanduku mawili."

"Mwongo wewe!"

"Laiti ningekuwa mwongo."

Akarudisha kadi kwenye faili. Akafungua mlango wa dereva, akaketi, akaweka mguu juu ya klachi kama mtu anayerudisha mguu kwenye kiatu chake.

"Mpakie baba yako mdogo. Kaeni wote nyuma."

"Siketi nyuma ya gari la baba yangu!"

"Basi tembea kwa miguu, mdogo wangu. Ila utachelewa." Aliingiza gia, na gia haikutoa hata mkwaruzo. "Tunamshusha huyu hospitali, halafu tunakwenda kwenu. Nataka kuingia kwenye ile nyumba mnayokaa. Hati yake nayo ina jina la mama yangu."